Kadi ya Usiku ya Warigia

Warigia alizaliwa kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, katika laini za wafanyakazi, nyumba ya nne kutoka kwa bomba la maji. Mimi nilizaliwa nyumba ya saba. Skuli ya misheni ilikuwa na mwalimu mmoja na madarasa manne, na mimi niliyamaliza yote manne. Warigia aliachia la pili. Hakuwa mjinga, ni vile vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Alichuma kahawa kuwashinda wanawake wazima, na baba yake akaona ni hasara mtu wa vidole kama vile kukaa kwenye dawati akishika chaki. Watu wa shamba walimtania wakisema Warigia akipita karibu, mti wa kahawa unajivua wenyewe.

Aliolewa na Gachanja wa Mburu, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda Thika karibu na stesheni. Mwaka uliofuata nami nikaolewa na Ndung'u, wa kilima kilekile cha kina Gachanja, ng'ambo ya mto Chania, tukawa majirani mara ya pili. Ndung'u wangu alibaki akifanya kazi Ruiru kwenye kahawa, akija nyumbani Jumapili akipata ruhusa.

Miaka minne Warigia hakupata mtoto. Mimba mbili ziliharibika. Wanawake wengine walikuwa wanaitwa Mama Fulani na Mama Fulani, naye wakimwita tu "mke wa Gachanja", na hata waliosema hivyo bila ubaya, nilimwona akiinamisha macho kwenye ungo kana kwamba kuna jiwe analolitafuta.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau. Mwaka wa 1954 nyumba zetu zilivunjwa tukahamishwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, handaki limezunguka pande zote, na kambi ya magadi, askari walinzi wa serikali, imekaa juu kwenye mwinuko ili waone kila mlango. Saa kumi na mbili jioni filimbi ya kafyu inapigwa, na baada ya filimbi hakuna mguu kutoka nje mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa Machi 1955 walimchukua Gachanja kibandani kwake kwa tuhuma za kiapo, mikono ingali na grisi. Warigia alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Lazima nieleze habari ya kazi ya kijiji, maana kila kitu kilitoka hapo. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja kila siku ila Jumapili, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kuchimba handaki, matuta, barabara, chochote hedimani, mkuu wa kijiji, alichoamka nacho. Nyumba iliyosamehewa ni ile tu yenye mtu aliyeandikwa kazi Thika, na ushahidi wake ulikuwa kadi ya tajiri aliyemwajiri, yenye mhuri. Kadi ya Ndung'u ilikuwa ya Ruiru, haikuhesabiwa kwetu, kwa hiyo mimi nilichimba. Warigia naye alichimba na tumbo lake mpaka mwezi wa nane, kwa sababu nyumbani kwao alibaki yeye na mama mkwe wake tu, bibi kizee tuliyemwita Cucu Mumbi, ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba kama vibuyu.

Mtoto alizaliwa Septemba. Mvulana, mwembamba, kelele tele. Akaitwa Mburu, jina la babu yake mzaa baba, kama inavyotakiwa. Jioni ile nilisimama mlangoni nikaita kwa sauti, "Mama Mburu, umeamka?" Hakuitika. Nikaita tena. Cucu Mumbi akatoa kichwa nje akasema, "Mwite tena, anataka kulisikia mara ya tatu."

Desemba kiwanda cha matunda ya makopo kikaanza kuandika wanawake wa kukata mananasi. Warigia alienda na vidole vyake, akaandikwa siku hiyohiyo. Kadi aliyopewa niliishika mkononi mwangu. Kuanzia siku ile nyumba yao haikutoa mtu. Na saa sita mchana, wakati wa mapumziko, Cucu alikuwa anajikokota na mtoto mgongoni hadi kwenye ua wa kiwanda, na mama zetu wakongwe wengine pia, wamepanga mstari na vitoto vyao, na wafanyakazi wanatoka mbio wakipangusa maji ya mananasi kwenye lesso, kila mmoja anachukua wake. Mburu alikuwa ananyonya pale chini ya ua, nusu saa, huku mama yake anakula viazi kwa mkono mwingine. Alinenepa. Kwa kweli mwezi ule mmoja alinenepa.

Katikati ya Januari, siku ya Jumatano, nyapara wao, Gerishon, alipanda juu ya kreti. Haya nayaandika kama Warigia alivyonisimulia jioni ileile.

"Kina mama, sikizeni. Mananasi imejaa mpaka inaoza kwa lori. Tunafungua shifti ya usiku. Nusu ya meza hii inakwenda usiku."

Mmoja akauliza, "Na wanawake wanaruhusiwa usiku?"

"Msimu huu wameruhusu, kwa sababu ya matunda."

"Na kafyu?"

"Lori itawachukua saa kumi na moja jioni na kuwarudisha asubuhi kafyu ikiisha. Mtapata kadi mpya."

"Na mtu akikataa?"

"Akikataa aache kadi hapa mezani, kuna wengine langoni wanaitaka. Mtaniambia Jumamosi."

"Gerishon," akasema mwanamke mmoja mwenye mdomo, "na bibi yako umemwandika usiku?"

"Bibi yangu hana haja na kadi. Ana mimi."

"Pole yake!" wakasema wote pamoja, wakacheka mpaka kisu cha mtu kikaanguka. Lakini jina la Warigia lilikuwa kwenye ile nusu.

Tulikaa watatu mlangoni kwangu, yeye, Cucu na mimi, kabla ya filimbi. Mburu alikuwa na miezi minne. Waceke, binti yangu, alikuwa na saba. Warigia alikuwa anamnyonyesha Mburu huku akiongea, na kila akiongea kwa haraka mtoto alikuwa anaacha titi na kumwangalia usoni.

"Mtoto wa miezi minne haachwi usiku," Cucu akasema. "Usiku ndipo anapotafuta mama yake."

"Maitu, mama yangu, nikikataa, Jumatatu niko handakini. Unakumbuka nilivyorudi nyumbani na damu ule mwezi wa saba? Nikirudi kule maziwa yatakauka, na pesa za kununua unga hatuna. Nikikubali, nitakosa usiku, lakini mchana wote nitakuwa naye. Sasa hivi namwona nusu saa kwenye ua na jioni. Si hata nitamwona zaidi?"

"Na usiku atanyonya nini? Ukuta?"

Walijaribu kikombe. Alhamisi Cucu alipika uji mwepesi, akaupoza, akauweka mdomoni kwa kijiko. Mburu alifunga midomo, akageuza shingo, na uji wote ukaingia sikioni. Wakajaribu tena jioni. Cucu akasema, "Huyu amekula kiapo cha maziwa."

"Nyamaza, Cucu!" nikamwambia. "Magadi wakisikia watakuja kumhoji mtoto."

Warigia alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniangalia. Nilijua swali kabla halijatoka. Tulikuwa umri mmoja, tulitahiriwa mwaka mmoja, akaniita kama watu wa rika moja wanavyoitana.

"Wakini," akasema, "wewe usiku unamnyonyesha Waceke mara ngapi?"

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba chakula changu kilikuwa kama chake, na kwamba usiku mwingine Waceke alikuwa anamaliza titi moja na kulilia lingine. Nikasema, "Mleteni. Cucu aje naye alale kwangu kabla ya filimbi." Nilisema haraka, maana ningengoja kidogo ningekataa.

Hata hivyo Warigia hakuamua palepale. Ijumaa alikuwa anatembea na ile habari kama mtu mwenye mwiba. Asubuhi alisema anakwenda, jioni akasema hapana, ataacha kazi, atachimba. Akasema, "Naogopa asije akazoea kukaa bila mimi." Jumamosi alikwenda akakubali.

Alirudi na kadi mpya na kuniletea niisome. Ilikuwa na jina lake, namba, na mhuri mwekundu, na chini ya mhuri neno moja la Kiingereza.

"Imeandikwa nini?"

"Usiku."

"Na mhuri upo?"

"Upo."

"Basi," akasema, akaifunga kwenye ncha ya lesso.

Darasa langu la nne lilifika hapo. Tulikuwa watu watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwenda kumwuliza hedimani. Kwetu sisi kadi ilikuwa kadi.

Usiku wa kwanza Mburu alikataa kwangu. Alinusa, akajitupa nyuma, akalia. Cucu alimbeba akizunguka naye chumbani gizani, nami nilimbembeleza Waceke aliyekuwa ameamshwa na kelele. Kuelekea asubuhi sauti ya Mburu ilikuwa imeisha, kinatoka kile kipumzi tu.

Warigia aliingia lori lilipowashusha. Alinuka mananasi, ule utamu mchachu, na mbele ya nguo yake ilikuwa imelowa maziwa kutoka begani mpaka kiunoni. Hakusalimia mtu. Alikaa chini kwenye ardhi, akampa. Mtoto alinyonya kama anamgombeza. Baada ya muda Warigia aliinua macho, amechoka, na akatabasamu.

"Mmeona? Mchana wote ni wetu."

Filimbi ya saa mbili ikapigwa. Warigia na Cucu wakavuka kwao na mtoto, mimi nikachukua jembe langu. Kabla sijatoka, hedimani Absalom alikuwa amesimama mlangoni kwao na magadi wawili. Absalom alikuwa mtu wa koti la mvua hata jua likiwaka, na alijua kusoma vizuri.

"Nyumba ya Gachanja, mtu wenu yuko wapi?"

"Mzee, nyumba yetu ina kadi," Warigia akasema.

"Lete nione." Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Hii ni ya usiku."

"Ndiyo mzee. Nimetoka kazini sasa hivi."

"Umetoka. Sasa saa hii una kazi gani?"

"Saa hii ni ya kulala, mzee. Na kunyonyesha."

Magadi walicheka. Mmoja akasema, "Ati kulala ni kazi! Mzee, hata mimi niandike hiyo."

"Kadi inasema usiku," Absalom akasema, na hakupandisha sauti. "Usiku mimi sijakuita. Mchana nyumba hii haina kazi. Toa mtu."

Cucu Mumbi akashika mlango akainuka. "Nitakwenda mimi."

Absalom akamtazama magoti. "Cucu, wewe utachimba nini? Wewe utachimbiwa."

Warigia alimtoa mtoto kwenye titi, akamfunga mgongoni, akachukua jembe la nyumba. Alipita mbele yangu bila kuniangalia. Nilimfuata Absalom nikamwambia mzee, ile kadi niliisoma mimi, mwenye kadi hajui Kiingereza, hatukujua ina maana hiyo. Akanijibu, "Na wewe uliyesoma, hukuona?"

Nikashika jembe nikafuata mstari.

Jioni ile Warigia alimwomba Gerishon amrudishe mchana. Gerishon alisema nafasi za mchana zilijazwa Jumamosi ileile, saa ileile, na si yeye aliyezijaza. Nadhani alisema kweli. Warigia hakuacha kazi, kwa sababu akiacha angechimba vilevile, na bila unga.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda siku zake. Usiku kucha amesimama mezani. Asubuhi muda wa saa moja na nusu wa kunyonyesha. Saa mbili handakini, mtoto mgongoni. Saa nane anarudi, analala mpaka saa kumi na nusu, Mburu amewekwa kwenye titi akiwa amelala, Cucu amekaa kando kuhakikisha hamlalii. Saa kumi na moja lori. Maji ya mananasi yalikuwa yamemla ngozi ya vidole, ile ya juu imetoka, na mpini wa jembe ulikuwa unanata kwenye nyama. Alijifunga vitambaa. Mara nyingi nilimwona amelala wima, kidevu juu ya mpini, na sisi tulikuwa tukisogea mbele yake na kuimba kwa nguvu gadi akija, ili aamke. Siku moja aliamka katikati ya wimbo akaanza kuimba ubeti tuliokuwa tumeshaupita. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka pia. Ilikuwa ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amecheka vile, na meno yote.

Usiku wa nne Mburu alishika titi langu. Hakukuwa na kelele. Nilikuwa nusu usingizini, nikadhani ni Waceke, kisha nikasikia ule mdomo mdogo, unavyovuta haraka haraka. Asubuhi nilimwambia mama yake, nikidhani ni habari njema.

"Ashukuriwe Ngai," akasema. Halafu akageuka kutafuta lesso yake, akaitafuta kwa muda mrefu, na lesso ilikuwa begani.

Wiki ya tatu maziwa yake yalianza kupungua. Kwanza nguo haikulowa tena. Kisha Mburu akawa ananyonya kidogo, anaacha, anapiga kifua kwa kile kingumi chake. Mwishoni mwa Februari, asubuhi moja, Warigia alinyoosha mikono kumchukua kutoka kwangu, na mtoto akageuza uso, akajificha shingoni mwangu.

"Mtazame huyu karani," Warigia akasema. "Amehamia ofisi nyingine." Alisema kwa mzaha, lakini mikono yake ilibaki imenyooka hewani mpaka nikamwekea mtoto kwa nguvu.

Jumapili moja ya Machi, Ndung'u alikuja kutoka Ruiru na habari. Bwana wa shamba alikuwa amepata ruhusa ya kuwaleta wake za wafanyakazi kwenye laini, maana kahawa ilihitaji mikono. Barua ilikuwa mfukoni. Tungehama Jumatatu ya wiki mbili zijazo. Ndung'u alifurahi mpaka akambeba Waceke mabegani, kisha akanitazama. "Mbona unaangalia chini? Hukutaka?"

Nilitaka. Hilo ndilo lilinichoma. Nilitaka kutoka kwenye kile kijiji hata kwa kutambaa.

Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilimwambia Warigia handakini, kwa sababu pale tusingeweza kuangaliana. Aliendelea kuchimba. Alitupa udongo mara tano au sita.

"Lini?"

"Si Jumatatu hii, ile nyingine."

Akatupa udongo tena. "Cucu anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Niache kwanza."

Wiki ile tulikuwa tumezika watoto wawili nyuma ya mistari ya nyumba. Hakuna aliyewagusa; ni uji tu ambao haukutosha. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa, na maziwa ya dukani Thika yalikuwa ya watu wengine. Warigia alijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Akiacha shifti ya usiku, angekaa na mtoto usiku na kifua kikavu, na asubuhi hakuna unga. Akibaki, hakuna wa kumnyonyesha nikiondoka. Mburu alikuwa na miezi sita, uji alikuwa anakubali vijiko viwili vitatu, na hapo anafunga midomo.

Jumamosi asubuhi lori lilipomshusha hakuja kwangu. Alimwita Cucu amletee mtoto kwao. Kiwanda hakikufanya kazi Jumamosi usiku, kwa hiyo alikuwa na siku mbili, na alitaka kujaribu kumrudisha kwenye titi lake. Alitumia unga wao wote wa wiki. Kila baada ya muda alikuwa anakunywa uji wa moto, bakuli baada ya bakuli, na kumweka mtoto kifuani. Handakini siku hiyo alimwambia mwanamke mmoja kwamba anasikia maziwa yanakuja, yanachoma choma. Mwanamke yule alisema ndiyo, ndivyo yanavyoanza.

Ukuta kati ya nyumba zetu ulikuwa wa fito na udongo. Jumamosi usiku kucha nilimsikia Mburu akilia. Nilimsikia Warigia akimwimbia, sauti ya chini, kisha akimsihi kwa maneno, "Vuta, baba. Vuta kidogo. Yapo." Kwangu maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, yamelowesha blanketi, na Waceke ameshiba amelala. Filimbi ilikuwa imeshapigwa. Ningetoka nje hatua nne ningepigwa risasi. Hilo najiambia. Lakini hata kama filimbi isingekuwapo, sijui kama ningebisha hodi.

Jumapili hakuja. Sikwenda. Kilio kilipungua mchana, na ule ukimya ulinitisha kuliko kilio. Jioni, lori halijafika, mlango wangu ulisukumwa. Alikuwa amemshika Mburu mikono miwili, mbele yake, kama mtu anayebeba chungu kinachovuja. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Mpe," akasema.

Nilimpa. Alinyonya macho yamefumba, mkono wake umekamata nguo yangu. Warigia alisimama akitazama mpaka akamaliza upande mmoja na nikamhamisha wa pili. Hakukaa chini.

"Nenda naye," akasema.

"Wakini, tunaweza kumwomba Ndung'u..."

"Nenda naye Ruiru. Nimeshaamua. Nikikaa hapa nikiendelea kuamua kila siku, atakufa."

Cucu Mumbi alipoambiwa hakugombana na mtu. Aliuliza tu nani atambeba mgongoni njiani, mimi au Ndung'u.

Kutoka Thika kwenda Ruiru ulihitaji pasi iliyoandikwa na hedimani. Jumatatu ya kuhama, asubuhi, Absalom alikuwa ameweka meza yake ndogo pale watu wanapokusanyika kwa kazi. Nilikuwa na Waceke mgongoni na Mburu mbele. Warigia alikuwa kwenye mstari wa majembe, hatua kumi hivi.

"Mama na watoto wangapi?" Absalom akauliza.

"Mtoto mmoja ni wangu, mzee. Huyu ni wa Warigia."

"Ananyonyeshwa na nani?"

"Mimi."

"Karatasi hii ina mstari mmoja tu wa watoto." Akaandika huku akitamka: "Mama na watoto wake wawili." Akainua kalamu, akauliza kwa sauti, "Kuna mwenye neno?"

Mstari wote ulimtazama Warigia. Alikuwa anafunga upya kitambaa cha kidole, kwa meno. Absalom akapiga mhuri. Filimbi ikapigwa, wakaondoka kwenda handakini, na mimi nikashika njia ya barabara kuu.

Nayaandika haya mwaka wa 1959. Cucu Mumbi alifariki wakati wa mvua za mwaka ule tuliohama, na barua za Gachanja kutoka kizuizini zimekuja mbili, zote fupi, katika zote mbili anauliza mtoto ana urefu gani. Kazi ya kijiji imekwisha, na kafyu imelegezwa. Mara moja, mwaka wa 1957, nilimpeleka Mburu Thika akakae na mama yake, maana alikuwa ameshaacha kunyonya. Siku ya tatu Warigia alimrudisha yeye mwenyewe kwa basi. Mtoto hakuwa amekula, alikuwa amelala mlangoni siku zote mbili akinitafuta.

Warigia huja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mburu anamwita Tata, kama watoto wanavyomwita shangazi, na mimi nikimrekebisha, Warigia hunizuia kwa mkono. Jumapili iliyopita alikuja na shati jipya, kubwa mno, kwa sababu hajui kipimo. Mburu alisimama nyuma ya kiti changu na kumtazama kwa jicho moja. Warigia hakumwita. Alikunywa chai.

"Anapenda kula nini?" akaniuliza.

"Viazi vitamu. Vya kuchoma, na maganda yake."

"Na maganda yake," akarudia polepole, kama mtu anayekariri somo.

Kisha akaniambia kwamba Gerishon amemwuliza. Kuna nafasi ya mchana sasa, ya kudumu. Wanawake wa usiku wamepewa wachague kwanza.

Nikasema, "Chukua! Ukiwa mchana usiku utakuwa nyumbani. Tutamzoesha kidogo kidogo, nitakuja naye nikae wiki, hata mbili..."

"Nimemwambia nitabaki usiku."

"Kwa nini, wakini?"

Alitazama mikono yake. Vidole vile vilivyokuwa vinavua miti sasa havina alama hata moja ya ngozi, ni laini na vyekundu, karani hawezi kupata alama ya dole gumba kwake.

"Usiku ile nyumba siiwezi," akasema. "Mchana nalala, sisikii kitu. Mwache hapa. Hapa anakula."

Alikuwa na zamu jioni ileile, akaondoka mapema kuwahi basi la Thika. Alimwekea Mburu mkono kichwani, na mtoto alivumilia mpaka mkono ukaondoka. Alipofika kwenye kona ya laini Mburu alitoka nyuma ya kiti.

"Mama, Tata anakwenda wapi?"

"Kazini," nikamwambia.

Akaenda kucheza na Waceke. Shati lilikuwa limebaki juu ya meza.